Kila Neno la Kiingereza Lina Umri Wake

Mwananchi wa Ukerewe, Ukara, Irugwa au Nafuba anaposimama ufukoni akiyatazama maji, husema anangoja meli. Neno hilo twalitamka kila siku bila kujiuliza asili yake. Meli ni neno la Kiingereza "mail", yaani barua zipelekwazo kwa posta. Watu wa pwani waliona kwamba vyombo vikubwa vya moshi vilivyotia nanga bandarini ndivyo vilivyoleta barua za Ulaya, wakakipa chombo jina la mzigo wake. Lakini hata kwa Mwingereza mwenyewe neno hilo halikuanza na barua. Hapo kale "mail" lilikuwa mfuko tu, mkoba wa msafiri. Baadaye likawa mfuko wa kutilia barua. Mwishowe likawa barua zenyewe. Hivyo basi mfuko umekuwa barua, na barua imekuwa chombo cha majini. Kijana wa leo anayekata tikiti ya meli hakumbuki mfuko wala barua, na wala hana hatia kwa kutokumbuka.

Hatusimulii hayo ili kuwafurahisha wasomaji tu. Twayasimulia kwa sababu katika ofisi nyingi ingali imejengeka imani kwamba neno la Kiingereza ni kama jiwe la mpaka, ambalo husimama pale pale lilipowekwa mwaka hadi mwaka, ilhali neno la Kiswahili ni kama mchanga wa ufukoni. Kwa sababu ya imani hiyo, mtumishi wa umma aliyebanwa na swali la mwananchi hutupa neno moja la Kiingereza mezani. Na mwananchi, akilisikia, hunyamaza. Yule aliyelitupa hajaulizwa maana yake, na yule aliyenyamaza hajaelezwa.

Imani hiyo ni kasumba, tena ni kasumba iwezayo kumdhuru mtu katika mali yake, katika uhuru wake na hata katika uhai wake. Kila neno la Kiingereza lina umri. Huzaliwa, hukua, hubadili kazi, na mara nyingi huwaachia wengine maana ambayo wenyewe wamekwisha kuisahau. Taifa lililorithi sheria, vipimo na vyeo vingi katika lugha hiyo halina budi kujua limerithi maneno ya mwaka gani.

MANENO YALIYO KARIBU NASI

Tuanze na yaliyo karibu. Wakulima wa pamba wa Kibara na Ukerewe wameuita mtambo wa kuchambua pamba jineri. Mzizi wa neno hilo ni "gin", ambalo ni kipande tu cha neno "engine" lililokatwa kichwa. Mashine ya kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu zake ilipobuniwa na Eli Whitney huko Marekani mwaka 1793, ilipewa jina hilo la kale lililotumika kwa chombo chochote kilichoundwa kwa ustadi. Nalo neno "engine", kabla halijawa jina la mtambo, lilikuwa na maana ya werevu, likitokana na neno la Kilatini la akili ya kuzaliwa. Kwa hiyo injini inayosukuma mashua ya mvuvi na jineri inayochambua pamba ya mkulima ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni akili. Lakini Mwingereza wa leo akisikia "gin" peke yake, wazo lake la kwanza huwa ni pombe kali, ambalo ni neno jingine kabisa lenye asili nyingine.

Kadhalika neno dresa. Wakati wa utawala wa Mwingereza, madresa walikuwa nguzo ya zahanati za vijijini. Katika hospitali za Uingereza za zamani, "dresser" alikuwa msaidizi wa tabibu aliyeosha na kufunga vidonda. Siku hizi ukilitaja neno hilo mjini London, wengi watadhani wataka kununua kabati la vyombo. Basi mzee wa kisiwani anayemwita mhudumu wa zahanati dresa hajakosea Kiingereza. Asema Kiingereza cha babu zao, ambacho wajukuu wao wamekwisha kukiacha.

Lipo na neno chungu zaidi, nalo ni boi. Wachunguzi wa lugha wanatueleza kwamba katika maandishi ya zamani ya Kiingereza, tangu karne ya 13, "boy" lilikuwa jina la mtumishi na la mtu wa daraja la chini, na kwamba maana ya mtoto wa kiume ilikuja kushika nafasi baadaye. Katika makoloni mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boi kwa sababu tu alipika au alifua. Mwajiri wake akiulizwa aliweza kujibu kwamba neno hilo maana yake ni kijana, na kamusi ya siku zile ingemuunga mkono. Hata hivyo matumizi yake yalikuwa yale ya kale, matumizi ya bwana na mtwana. Hapo twajifunza kwamba maana iliyozeeka haifi. Huweza kujificha ndani ya neno, na siku ikipata mtu wa kumwonea huamka.

WAKULIMA NA MAWAZIRI

Mabadiliko ya maneno hayaji kama upepo usiojulikana utokako. Aghalabu hufuata nguvu. Katika Uingereza ya mabwana wakubwa wa ardhi, mkulima aliyefungwa katika shamba la bwana wake aliitwa "villain", yaani mtu wa shambani. Walioandika na kusema mabarazani hawakuwa wakulima; walikuwa mabwana na watu wa mabwana. Kidogo kidogo wakalitumia neno hilo kwa mtu mwenye tabia duni, kisha kwa mtu mwovu, na leo maana yake ni mhalifu. Mkulima akafanywa jambazi pasipo kuiba hata jogoo.

Tusimcheke Mwingereza kabla hatujajitazama. Sisi wenyewe tumelichukua neno mshamba, ambalo kwa haki lingekuwa sifa ya anayetulisha, tukalifanya tusi la mjini. Tumelichukua neno ustaarabu, ambalo ndani yake mna jina la Waarabu, kana kwamba mtu wa bara hakuwa na adabu mpaka aige za wengine. Lugha zote hubadilika, na zote hubeba alama za wale waliokuwa na sauti kubwa.

Lakini yapo maneno ambayo maana zake za kale zingetufaa sana kama tungezikumbuka. Katika Kilatini, na katika Kiingereza cha zamani pia, "minister" alikuwa mtumishi, yule asimamaye akingoja kutumwa. Nasi twamwita kiongozi huyo waziri, neno tulilolipata kwa Waarabu. Waliosoma Kurani wanakumbuka katika Sura ya Taha jinsi Nabii Musa alivyomwomba Mola wake ampe waziri kutoka katika watu wa nyumbani kwake, naye ni Haruni nduguye. Wanazuoni wengi wa Kiarabu wanalihusisha neno waziri na mzigo: waziri ni yule amsaidiaye mwenziwe kubeba. Lugha mbili zisizo na undugu, moja ya Ulaya na nyingine ya Uarabuni, zimekipa cheo kile kile majina ya unyenyekevu, moja mtumishi na nyingine mbeba mzigo. Kiongozi anayesahau asili hiyo hawezi kusema kwamba ni maneno yaliyompotosha.

MWALIMU NA MANENO YA KALE

Katika mkoa wetu wa Mara hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mtu aliyeyapima maneno ya kale ya Kiingereza kwa uangalifu. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar, iliyotolewa mwaka 1963, na ile ya mfanyabiashara wa Venice, iliyotoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Ile ya kwanza hakuiacha ilivyokuwa. Akiwa Rais wa nchi, mwenye kazi zisizohesabika, aliirudia, na tafsiri iliyorekebishwa ikatoka mwaka 1969.

Kazi hiyo ilikuwa na mitego. Shakespeare alizaliwa mwaka 1564, na maneno mengi aliyoyatumia yangali hai leo, ila yamekwisha kuhama nyumba. Chukua neno "nice". Leo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza atakwambia kuwa maana yake ni zuri. Asili yake ya Kilatini ni kutojua, na kwa muda mrefu Waingereza walilitumia kwa mtu mpumbavu, kisha kwa jambo dogo lisilo na uzito. Katika tamthilia ya Julius Caesar, Cassius analalamika kwamba makosa ya namna hiyo, yaani madogo, yasifuatiliwe yote kwa ukali. Mfasiri asiyejua umri wa neno angewapa wasomaji makosa mazuri mahali pa makosa madogo, na maana yote ingepinduka.

Hata neno bepari katika jina la tafsiri ya pili lina mafunzo yake. Wako waliodhani kwamba Mwalimu alilichagua kwa siasa tu. Ukweli ni kwamba bepari ni neno lililotujia kutoka kwa Wahindi, na katika Kiswahili cha zamani maana yake ilikuwa mfanyabiashara, wala hakukuwa na lawama ndani yake. Maana ya mwenye mtaji anayenyonya jasho la wengine iliongezeka katika zama za mapambano ya siasa. Hivyo mwaka wa Azimio la Arusha ukiwa bado mbichi katika kumbukumbu za watu, neno moja lilibeba maana mbili kwa wakati mmoja: ile ya kale iliyolingana na neno la Shakespeare, na ile mpya iliyomwamsha msomaji. Mtu anayejua umri wa maneno katika lugha zote mbili ndiye awezaye kupata shabaha kama hiyo.

TANI SI TANI

Sasa tuyaache maandishi ya sanaa twende majini, ambako kosa la maana haliishii katika aibu.

Neno tani limetoka katika "tun", yaani pipa kubwa la mvinyo. Katika Uingereza ya zamani wafalme walitoza ushuru kwa kila pipa lililoingia, na ukubwa wa jahazi ulihesabiwa kwa idadi ya mapipa liliyoweza kupakia. Baadaye neno hilo liligawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa uzito, na katika njia hiyo tani tuijuayo ni kilo 1,000. Njia ya pili iliendelea kuwa ya nafasi, kama enzi za mapipa. Katika njia hiyo ya pili, tani ya usajili wa meli ilikuwa futi za ujazo 100, yaani karibu mita za ujazo 2.83. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969 ulibadili namna ya kukokotoa, lakini hesabu hiyo ya ukubwa wa meli ingali ni ya nafasi iliyomo ndani ya chombo. Si uzito kinachoweza kuubeba.

Fikiri basi hatari iliyopo. Mtu anasoma katika hati ya chombo kwamba kina tani 50. Iwapo ni tani za ukubwa, na yeye akadhani ni tani za mzigo, atapakia mahindi, saruji na mapipa ya mafuta kwa hesabu ambayo hati haikuitoa. Karatasi iko sahihi, msomaji anajua kusoma, na hata hivyo chombo kinaweza kuzidiwa, kwa sababu pipa la mvinyo la Ulaya ya kale bado limejificha katika neno moja.

Hatusemi kwamba misiba tuliyoipata ilitokana na neno hilo. Twasema kwamba watu wa ziwa hili wamekwisha kulipa gharama kubwa mno kwa hesabu za uwezo wa vyombo zisizofuatwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha, ilhali uwezo wa kivuko kile ulikuwa watu 101. Baada ya misiba kama hiyo, hakuna ofisa anayeweza kudai kwamba namna ya kuandika uwezo wa chombo ni jambo dogo. Mwananchi hahitaji kuambiwa tani za kitaalamu. Ahitaji kuambiwa kwa Kiswahili ni watu wangapi na kilo ngapi.

TAREHE 22 JULAI 1920

Tukitoka majini tukaingia mahakamani, twakuta jambo la ajabu zaidi. Mwingereza alipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza, amri ya mfalme wake ilielekeza kwamba mahali ambapo sheria za nchi hazikutosha, zitumike sheria ya mapokeo ya Uingereza, kanuni zake za haki, na sheria za bunge lake zenye matumizi ya jumla, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake itakavyoruhusu. Tarehe hiyo tuliirithi baada ya Uhuru katika sheria zetu. Kwa hiyo wakili anayebishana juu ya neno fulani la sheria ya Kiingereza, mara nyingine analazimika kuuliza lilimaanisha nini siku hiyo ya mwaka 1920, na si linamaanisha nini kwa Mwingereza wa leo. Neno limepigwa picha siku moja, na picha hiyo ndiyo tuliyopewa.

Picha nyingine ni za kale zaidi. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930, iliingiza katika vifungu vya 176 na 177 makosa ya mtu mvivu na mkorofi, na yale ya "rogue and vagabond". Maneno hayo yalitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa baada ya vita vya Napoleon, wakati askari walioachishwa kazi na maskini wengine walipokuwa wakitangatanga njiani. Sheria hiyo nayo ilirithi lugha ya enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Sheria ya mwaka 1572 iliwahesabu katika kundi hilo wachuuzi wadogo wasio na kibali, na wacheza ngoma na michezo ya kuigiza wasio na bwana wa kuwakingia kifua. Kwa maneno mengine, Shakespeare na wenzake, kama wasingekuwa chini ya jina la mkubwa fulani, wangeweza kuchapwa viboko kwa kuwa "rogues". Leo neno hilo kwa Mwingereza laweza kutumika hata kwa utani, kwa mtu mjanja anayependwa. Katika sheria lilibaki na kiboko chake.

Na nani aliyeangukiwa na maneno hayo huku kwetu? Kifungu kilimtaja mshukiwa asiye na njia ya kujikimu inayoonekana, na mtu anayekutwa akizurura barabarani au karibu na majengo katika mazingira ya kutiliwa shaka. Sasa mtazame mvuvi wa ziwa letu. Dagaa hufuata giza la mwezi, na mvuvi huwafuata dagaa. Leo yuko mwalo huu, mwezi ujao yuko kisiwa kingine. Mali yake ni wavu na taa, na vyote viwili pengine ni vya tajiri wake. Njia yake ya kujikimu iko majini na haionekani kwa anayesimama nchi kavu. Mchuuzi mdogo anayetembeza nguo na sabuni kutoka kambi hadi kambi naye ni vivyo hivyo. Kwa desturi za ziwa hili mtu wa namna hiyo ni mgeni, na mgeni hupewa mahali pa kulala kabla ya kuulizwa safari. Kwa macho ya bwana wa shamba wa Uingereza ya kale, mtu huyo huyo ni hatari, kwa kuwa hana bwana.

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa ushauri kwamba sheria za uzururaji zinazomfanya mtu mkosaji kwa sababu ya hali yake ya umaskini au ya kukosa makao hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzipitia upya na kuzirekebisha. Twauona ushauri huo kuwa ni hukumu juu ya maneno pia. Bara la Afrika limeulizwa kwa nini liendelee kuwatazama maskini wake kwa msamiati wa watu walioogopa maskini wao miaka 400 iliyopita.

FURSA TULIYO NAYO

Kwa bahati njema, mkoa wetu umekuwa na sehemu katika kufungua njia. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika uamuzi kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Hayati Rais John Magufuli alitangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akieleza waziwazi kwamba alivutiwa na matumizi yake ya Kiswahili. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha Sheria Namba 1 ya mwaka 2021, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji.

Wapo wenye mashaka, na mashaka yao si ya kudharauliwa. Wasema kwamba maneno ya sheria ya Kiingereza yamepimwa na majaji kwa karne nyingi, na kwamba ukilibadili neno umelipoteza pia rundo la hukumu zilizolifafanua. Ni kweli kwamba hukumu hizo ni hazina. Lakini hazina iliyofungiwa katika sanduku ambalo mwenye kesi hawezi kulifungua yamfaa wakili tu. Tena hoja hiyo yenyewe yakiri kwamba neno peke yake halikutosha, ndiyo sababu likahitaji karne za ufafanuzi. Basi ufafanuzi huo ndio tunaopaswa kuufasiri. Tukifasiri neno tupu tutakuwa tumehamisha ganda na kuacha kiini.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kazi tuliyo nayo. Ni rahisi sana kuchukua "rogue and vagabond", kuandika mzururaji, na kusema kazi imekwisha. Tutakuwa tumemvika mzee wa mwaka 1572 kanzu na kofia, tukamkaribisha kijijini kama mwenzetu. Na kwa kuwa Kiswahili chetu kinaeleweka na kila mtu, neno hilo litaumiza zaidi kuliko lilipokuwa limefichwa katika lugha isiyosomwa na wengi. Kwa kila neno la kale, mfasiri wa sheria ajiulize mambo matatu: lilimaanisha nini lilipoandikwa, lina maana gani leo, na je, haki ya Mtanzania bado inalihitaji? Likikosa jibu la swali la tatu, lipelekwe Bungeni kufutwa, wala lisipelekwe kwa mfasiri.

Kwa watumishi wa umma katika wilaya na halmashauri zetu tuna ombi lililo wazi. Tangu mwaka 1967 Serikali ilikwisha kuagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na hakuna anayeweza kudai kwamba agizo hilo ni geni. Hata vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo ni vya wavuvi wenyewe, vimezoeleka kwa herufi tatu za Kiingereza, BMU, na wengi wa wanachama hawajawahi kuambiwa zasimama badala ya nini. Mtu hawezi kusimamia kitu ambacho hata jina lake hakulielewa. Mkataba wa mkopo, sheria ndogo za mwalo, hati ya chombo, vyote vielezwe kwa Kiswahili kabla mwananchi hajatia sahihi au dole gumba. Naye mwananchi asione haya kuuliza. Anayeuliza maana ya neno hajafichua ujinga wake. Amempima yule aliyelitumia.

Kwa walimu, twasema Kiingereza kisichukiwe wala kisiabudiwe. Madhali ndicho kinachofundishia katika shule zetu za sekondari, kifundishwe pamoja na historia yake. Mwanafunzi akijua kwamba meli ni mfuko, kwamba tani ni pipa na kwamba "minister" ni mtumishi, ataacha kuogopa, na ataanza kuuliza. Pia afundishwe kuyatunza maneno ya kwao. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kitabu chake kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Yeye alijua kwamba neno lisiloandikwa pamoja na matumizi yake hupotea na mambo yake. Kazi aliyowafanyia Wakerewe yeye peke yake kisiwani, taifa zima haliwezi kushindwa kuifanya kwa sheria zake.

Jambo la kuanzia li karibu. Watu huvuka kila siku kati ya Kisorya na Rugezi, na wengine hupanda vyombo vidogo Kibara kwenda visiwani. Penye kila gati na kila mwalo pawekwe ubao wenye herufi kubwa, uandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka na mtoto wa darasa la tatu: chombo hiki kinachukua watu kadha wa kadha, na mzigo wa kilo kadha wa kadha, wala si zaidi. Ubao huo hautagharimu fedha nyingi, na mkuu yeyote wa eneo anaweza kuuamuru wiki hii hii.